Jengo la Alama katika Mji wa Mto wa Mchanga

Miji mingi iliyojipatia sifa duniani hutambulikana kwa jengo moja lililosimama kando ya maji. Mtu akitajiwa London, mara huuona akilini mnara wa saa wa Bunge la Uingereza ukingoni mwa mto Thames. Msafiri aliyekaribia Unguja kwa chombo, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, alilakiwa kwanza na Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, ambalo baadaye serikali ya kikoloni ililitumia kuwa ofisi zake. Jengo la namna hiyo lina kazi mbili. Ndani yake hutendeka shughuli za kila siku za ofisi. Nje yake huwa ni alama ya mji mzima. Maji yaliyo mbele yake huliongezea fahari, kwa kuwa hulipa uwazi wa kuonekana toka mbali.

Dodoma nayo imefikia wakati wa kujiuliza habari za alama yake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huko ulitolewa mwaka 1973. Safari ilikuwa ndefu, lakini tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mpya, mambo yamekwenda mbio. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ilipewa hadhi ya jiji, na tarehe 13 Aprili 2019 ulizinduliwa Mji wa Serikali huko Mtumba, mashariki ya katikati ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la jiji. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Watu hawa wanahitaji nyumba, shule, zahanati na ofisi, na majengo ya ghorofa yanaendelea kuinuka. Yamkini haitapita miaka mingi kabla ya mtu kupendekeza kwamba jengo moja la ofisi lijengwe kwa fahari mahali pa wazi, kando ya mojawapo ya mikondo ya maji inayopita katika jiji, ili liwe uso wa Dodoma.

Shauri la namna hiyo lisiachwe kwa wasanifu wa majengo peke yao. Ni shauri la elimu ya ardhi, ya maji na ya joto, masomo ambayo mwanafunzi wa sekondari hukutana nayo kila wiki. Na masomo hayo yakiulizwa sawasawa hutoa jibu moja: katika mji wa uwanda wa kati, ukingo wa mto ndio mahali pa mwisho pafaapo kujengwa, na jengo linalostahili kuwa alama ni lile litakalotambulikana kwa jinsi linavyolitumia jua na mvua, wala si kwa urefu wake au kwa wingi wa vioo vyake.

Mto usioonekana

Mgeni anayefika Dodoma mwezi wa Septemba aweza kuvuka daraja bila ya kutambua kuwa amevuka mto. Chini yake huona mchanga mkavu, nyayo za ng'ombe na pengine mtoto mwenye ndoo. Uwanda huu uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo mito yake ni ya msimu. Hujaa ghafula kwa saa kadhaa baada ya mvua kubwa, kisha hukauka.

Hata hivyo, mto uliokauka si mto uliokufa. Mchanga wa mto una nafasi baina ya chembe zake, na nafasi hizo kwa kawaida hufikia karibu theluthi moja ya ujazo wote. Mvua inyeshapo, nafasi hizo hujaa maji. Jua likaushapo tabaka la juu, tabaka hilo huwa kama kifuniko, na maji yaliyo chini yake hupotea polepole mno. Akina mama wa Ugogo waliijua kanuni hii kabla haijaandikwa katika kitabu cha fizikia: wakati wa kiangazi huchimba mashimo katika mchanga wa mto na kuchota maji yaliyochujwa. Mto wa mchanga, basi, ni ghala.

Umuhimu wa ghala hili unaonekana vizuri zaidi katika bonde la Makutupora, kaskazini ya jiji, ambako visima virefu vya Mzakwe vimekuwa tegemeo kuu la maji ya Dodoma kwa miaka mingi. Bonde hilo hupitiwa na mto Kinyasungwe Mdogo, ambao ni wa msimu. Kwa bahati njema, vina vya maji katika visima hivyo vimepimwa na kuandikwa kwa muda mrefu kuliko mahali pengi katika Afrika. Utafiti uliotangazwa mwaka 2013, uliotumia kumbukumbu za miaka 55, ulionyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hayajazwi kila mwaka kwa kiasi kile kile. Hujazwa hasa katika miaka michache ya mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Miaka mingine hushuka tu. Tafiti zilizofuata zimeonyesha pia kwamba mikondo ya msimu ndiyo njia kubwa ambayo maji hupitia kuzama ardhini.

Ingawa Makutupora iko nje ya mji, somo lake lahusu kila mkondo wa uwanda huu. Maji yanayokuja kwa siku chache katika miaka michache lazima yakute mlango wazi. Ukingo uliofunikwa kwa zege, lami na maegesho ya magari ni mlango uliofungwa. Hesabu yake si ngumu. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya eka 25 za ardhi iliyosakafiwa, yaani mita za mraba 100,000 hivi, huleta mita za ujazo 3,000 za maji. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ingenywewa na ardhi. Sasa karibu yote hukimbilia mtoni kwa wakati mmoja, yakiwa na nguvu ya kung'oa kingo na kusomba udongo. Udongo huo huishia katika mabwawa, kama lile la Hombolo lililojengwa mwaka 1957, ambalo limekuwa likipoteza kina chake kwa kujaa tope. Yale yasiyozuiwa huendelea kwa mto Kinyasungwe hadi Mkondoa na Wami. Mwezi Januari 1998 na tena Januari 2010, mafuriko katika bonde hilo yaliharibu vibaya njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yanayofukuzwa juani Dodoma hayapotei bila ya kudai chochote. Hudai mahali pengine.

Liko jambo jingine ambalo hutajwa mara chache. Mchanga wa kujengea hutoka wapi? Katika uwanda wa kati, sehemu kubwa huchotwa katika mito hiyo hiyo ya msimu. Zege la kawaida, lenye sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, hutumia karibu mita 0.45 za ujazo wa mchanga kwa kila mita moja ya ujazo wa zege. Jengo linalotumia mita za ujazo 1,000 za zege huchukua mita 450 za mchanga. Ikiwa theluthi yake ilikuwa nafasi ya maji, ghala la lita 150,000 limeondolewa mtoni, na si kwa mwaka mmoja tu, bali kwa kila msimu ambao lingejaa. Haifai kwa sababu hiyo kukataza ujenzi. Inafaa kujua gharama yake, na kuchota mchanga mahali panapopimwa, pasipo kuuacha mwamba mtupu.

Somo la tembo

Jina lenyewe la mji lina maonyo ndani yake. Wagogo husimulia kwamba tembo alifika kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akanasa katika tope na kuzama. Waliomwona wakasema "idodomya", yaani amedidimia. Simulizi za majina hazipimwi kwa mizani ya maabara, lakini hii inaafikiana vema na elimu ya udongo. Katika mabonde na mbuga za Dodoma umo udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao chembe zake hunyonya maji na kuvimba wakati wa mvua, kisha husinyaa na kupasuka wakati wa kiangazi. Mwalimu aweza kuuona mwendo huo katika nyufa za kiwanja cha mpira mwezi wa Oktoba. Jengo lililowekwa juu ya udongo wa namna hiyo huinuliwa na kushushwa kila mwaka, tena si kwa usawa, maana upande mmoja hulowa kabla ya mwingine. Kuta hupasuka kwa pembe, milango hugoma kufunga.

Wahandisi wana njia za kupambana na hali hiyo: kuondoa udongo, kwenda chini mpaka mwamba, au kujenga juu ya nguzo. Njia zote hizo zawezekana, na zote ni ghali. Na hali mita mia chache tu kutoka bondeni, penye mwinuko, udongo mwekundu wenye mchanga na mwamba wa matale hutoa msingi imara. Ikumbukwe pia kuwa Dodoma imo katika eneo linaloguswa na mitetemeko ya Bonde la Ufa, na udongo laini wenye maji huongeza mtikisiko. Tembo wa hadithi hakuwa na taarifa ya udongo. Mjenzi wa leo anayo, na Idara ya Jiolojia ya nchi ilianza kazi zake Dodoma kwenyewe tangu miaka ya 1920.

Jua la utosi

Tuseme basi jengo limepandishwa kwenye mwinuko, na bonde limeachiwa maji, miti na watu wanaotembea. Je, liwe jengo la namna gani? Hapo huja tamaa ya pili, nayo ni tamaa ya vioo. Katika nchi za baridi, ukuta wa kioo una maana: jua ni haba, na joto lake ni zawadi. Dodoma iko kusini ya Ikweta kwa digrii 6 hivi. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kioo cha kawaida huruhusu karibu asilimia 80 ya nguvu za mionzi ya jua ipite, lakini hakiruhusu joto lililokwisha kumezwa na meza, sakafu na karatasi lirudi nje kwa njia ile ile. Hiyo ndiyo sababu gari lililofungwa vioo huwa kama tanuri.

Chukua dirisha la mita za mraba 10 linalotazama magharibi. Saa kumi za alasiri jua huweza kulipiga kwa wati 600 kwa kila mita ya mraba. Zidisha 10 kwa 600, kisha chukua asilimia 80: joto linaloingia ni wati 4,800. Ni kama kuwasha majiko ya umeme karibu matano, ya wati 1,000 kila moja, ndani ya chumba ambacho watu wanataka kufanyia kazi. Kisha hununuliwa viyoyozi ili kulitoa joto lile lile, na ankara ya umeme hulipwa kwa fedha za umma. Umeme ukikatika, ofisi huwa haikaliki.

Dawa yake haihitaji mitambo. Jengo liwekwe kwa urefu wake toka mashariki hadi magharibi, ili kuta fupi ndizo zipigwe na jua la asubuhi na la jioni. Na kuta hizo fupi ziwe na madirisha machache. Kuta ndefu zitatazama kaskazini na kusini, ambako jua huwa juu na ni rahisi kuzuiwa kwa upenu. Upenu huo uwe na upana gani? Hili ni swali la tanjenti. Tarehe 21 Juni, adhuhuri, jua la Dodoma huwa limeinama kuelekea kaskazini kwa digrii 30 hivi kutoka utosini. Dirisha lenye kimo cha mita 1.5 litahitaji upenu wa mita 1.5 mara tanjenti ya digrii 30, yaani karibu sentimita 87. Upande wa kusini, tarehe 21 Desemba, jua huinama digrii 17 tu, na upenu wa sentimita 46 hivi watosha. Jengo ambalo upenu wake wa kaskazini ni mpana kuliko wa kusini hujitangaza lenyewe kuwa limejengwa Dodoma na si penginepo. Hiyo ndiyo alama.

Tembe na kichuguu

Wenyeji wa uwanda huu walikwisha kupata jibu lao zamani. Tembe ya Mgogo ni nyumba fupi, yenye kuta za miti na udongo, na paa la bapa lililotandikwa miti, matawi na tabaka nene la udongo. Aghalabu huuzunguka ua wa mifugo. Paa la bapa lisingefaa Bukoba, kwenye mvua nyingi. Dodoma limefaa kwa vizazi vingi. Ufupi wake huikinga nyumba na pepo kavu za mashariki. Lakini siri yake kubwa ni uzito. Udongo mnene huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza. Ukuta wa udongo wa unene wa sentimita 30 hulichelewesha joto la mchana kwa saa nane hadi kumi, hata lifikapo ndani usiku umekwisha kuingia, na wakati huo joto hilo linahitajiwa. Katika uwanda ambao tofauti ya mchana na usiku huzidi digrii 10 za sentigredi, hili ni jambo kubwa. Bati tupu haliwezi kulifanya.

La hasha, haisemwi hapa kwamba wizara zijengewe matembe. Tembe ina kasoro ambazo hazifichiki. Ni yenye giza, huvuja mvua ikizidi, huliwa na mchwa, na nyufa za sakafu na kuta zake zimekuwa maskani ya papasi wanaoeneza homa. Wale waliohimiza nyumba bora katika vijiji vya Dodoma tangu miaka ya 1970 walikuwa na sababu nzuri. Kosa lilikuwa kuitupa kanuni pamoja na kasoro zake. Kuta nzito, madirisha yenye kivuli, ua wa ndani, paa lenye tabaka la kuzuia joto: hayo yote yaweza kufanywa kwa matofali ya saruji na udongo, kwa mawe ya vilima vya hapo hapo na kwa zege, katika jengo la ghorofa tatu au nne lenye mwanga na usafi.

Yuko mwenyeji mwingine wa uwanda anayestahili kutajwa, naye ni mchwa. Huko Harare, Zimbabwe, mji ulio kwenye uwanda wa juu kama Dodoma na wenye usiku wa baridi, lilifunguliwa mwaka 1996 jengo la ofisi na maduka liitwalo Eastgate. Msanifu wake, Mick Pearce, alifikiria vichuguu vya mchwa alipokuwa akilibuni. Usiku, hewa baridi hupitishwa katika njia zilizo ndani ya sakafu nzito na kuzipoza. Mchana, sakafu hizo hupokea joto la watu na la mashine. Moshi na joto hutoka kwa mabomba yaliyosimama juu ya paa. Jengo halina mitambo ya kupoza hewa ya aina iliyozoeleka. Watafiti wa baadaye wamegundua kuwa kichuguu chenyewe hakifanyi kazi kwa njia rahisi iliyodhaniwa wakati ule. Hupumua zaidi kama pafu, kwa kusukumwa na mabadiliko ya upepo. Hata hivyo Eastgate linaendelea kupoa, kwa sababu msingi wake ni ule ule wa tembe: uzito, na usiku wa baridi. Na limekuwa alama ya Harare.

Paa liwe chanzo cha mto

Jengo la Dodoma lina sharti moja zaidi, nalo ni maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mita za mraba 1,000, katika mwaka wa mvua ya milimita 550, hupokea lita 550,000. Ikiwa moja ya tano itapotea kwa kukauka na kumwagika, hubaki lita 440,000. Ofisi yenye watumishi 200, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku za kazi, huhitaji lita 4,000 kwa siku. Paa hilo, basi, laweza kulisha ofisi hiyo kwa siku 110 za kazi, ambazo ni zaidi ya miezi mitano, mradi liwepo tangi la kutosha. Na maji yanayozidi yaelekezwe katika mashimo yaliyojazwa mawe na mchanga, yazame ardhini taratibu badala ya kukimbilia korongoni.

Tangi hilo lisifichwe nyuma ya jengo kana kwamba ni aibu. Lijengwe mbele, lionekane, lipandiwe miti ya kivuli, na wapita njia wapate mahali pa kuketi. Miji yenye mito huyaweka majengo yake mbele ya maji. Dodoma ingeweka maji mbele ya jengo, tena maji iliyoyavuna yenyewe.

Hoja ya heshima

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya kibahili. Kwamba makao makuu ya taifa yanahitaji heshima, na heshima huonekana kwa urefu. Hoja hiyo isidharauliwe. Taifa lina haki ya kujivunia mji wake, na ardhi ya katikati ya jiji ikipanda thamani, ghorofa huwa na maana. Lakini yafaa kukumbuka kwamba ramani kuu ya kwanza ya makao makuu mapya, iliyotayarishwa mwaka 1976 na wataalamu wa Project Planning Associates kutoka Kanada, ilikusudia mji wa majengo mafupi unaofuata umbo la vilima, ambamo mtu angetembea kwa miguu na kupanda basi bila ya kutawaliwa na magari. Wazo hilo halikuwa la unyonge. Lilitambua kuwa Dodoma tayari ina minara yake. Vilima vya mawe kama Mlimwa vimesimama pale kwa mwamba ambao umri wake unazidi miaka bilioni mbili na nusu. Ghorofa thelathini zikisimama mbele ya kilima hicho hazitakitukuza, zitakiziba.

Tena urefu si dhamana ya kudumu. Beit al-Ajaib lilivutia macho kwa miaka 137, na mabaraza yake mapana ya pande zote yalikuwa somo zuri la kivuli katika pwani yenye joto. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wake ilianguka. Alama ya mji hutunzwa kila mwaka kwa kukagua paa, mifereji na misingi, au hupotea. Jengo linaloeleweka na mafundi wa mahali pake, lililojengwa kwa vifaa vinavyopatikana karibu, lina matumaini zaidi ya kutunzwa kuliko lile ambalo kioo chake kikivunjika huagizwa ng'ambo na kusubiriwa miezi.

Kazi ya shule

Mashauri haya yasingojee watu wa wizara peke yao. Katika shule za Dodoma, Singida na popote penye hali kama hiyo, darasa laweza kuanza kesho kwa vipimajoto vitatu: kimoja chini ya mti, kimoja ndani ya darasa lenye paa la bati lisilo na dari, na kimoja ndani ya tembe au nyumba ya udongo iliyo jirani, kwa ruhusa ya mwenyewe. Vipimo vichukuliwe kila baada ya saa mbili, toka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kwa wiki moja ya Oktoba na tena wiki moja ya Julai. Mistari mitatu itakayochorwa katika karatasi ya grafu itaonyesha waziwazi ni nyumba gani inayochelewa kupata joto, na kwa saa ngapi. Wanafunzi wengine wapime upana wa upenu wa majengo ya ofisi yaliyo karibu, na kukadiria kwa tanjenti kama unatosha. Wengine wapime eneo la paa la shule, na kuandika ni lita ngapi zinazomwagika bure kila mvua inaponyesha.

Taarifa za namna hiyo zikiwa na tarehe, mahali na saa, zikawekwa vizuri na kupelekwa kwa halmashauri na kwa wahandisi wa jiji, ni mchango wa kweli. Kumbukumbu za Makutupora zilianza hivyo hivyo: mtu alishusha kamba kisimani, akaandika kina chake, na mwingine akaendelea baada yake. Miaka 55 baadaye ulimwengu ukajifunza kwazo. Baadhi ya wanafunzi wanaosoma sasa ndio watakaochora na kujenga ofisi za Dodoma katika miaka ishirini ijayo. Wakikwisha kujua kwa mikono yao ni kiasi gani cha joto kinachopita katika kioo na ni kiasi gani cha maji kinacholala katika mchanga, watauacha ukingo wa mto uwe wa mto, na watajenga kwenye mwinuko jengo ambalo mgeni akiliona atajua, kabla hajaambiwa, kwamba amefika Dodoma.